Fidia ya bima ya mkopo ililipwa, difolti (alama ya kushindwa kulipa) ikabaki: uchambuzi wa kisa kimoja cha Uingereza

## Kisa na sababu ya kukiandika

Bi. Rehema, jina ambalo si lake, alikuwa akifanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee, kwenye nyumba za wazee nchini Uingereza. Ni mzaliwa wa Afrika Mashariki aliyehamia huko akiwa mtu mzima. Oktoba 2012 alifika kwenye meza yetu ya ushauri wa madeni na bahasha za benki, nyingine hazijafunguliwa, pamoja na mkataba wa kampuni inayowadaia watu fidia ya bima waliyouziwa kimakosa pamoja na mkopo, mkataba ambao alikuwa bado hajautia saini. Alitaka kujua jambo moja: "Dada, nikiwadai hawa watu wa benki, si watanichafulia jina nisikopeshwe tena?"

Nimeondoa mji, benki, kampuni ya bima na wakala wa ajira. Fedha nimezizungusha kidogo, ila hesabu zinafungana na mfuatano wa mambo ni uleule. Mwenyewe ameridhia kiandikwe.

Jibu la swali lake ni hapana, kudai fidia hakuchafui rekodi ya mikopo, yaani kumbukumbu za malipo yako ambazo wakopeshaji huzipekua. Jibu hilo ni la kweli na limewaponza wengi, kwa sababu mtu akishalisikia hujiongezea lake: kwamba benki ikikiri kosa na kulipa, basi na rekodi imesafishika. Haisafishiki. Fidia ya bima ni faili moja, rekodi ya mikopo ni faili nyingine, na anayetaka zote mbili zirekebishwe lazima azidai zote mbili, kila moja kwa ushahidi wake.

## Usuli

Bima ya ulinzi wa malipo, ambayo Uingereza kila mtu huiita PPI, iliuzwa pamoja na mikopo, kadi za benki na mikopo ya nyumba. Mkopaji akiugua, akiumia au akipoteza kazi, bima humlipia marejesho kwa muda, mara nyingi hadi miezi 12. Wazo si baya. Balaa lilikuwa kwenye uuzaji. Ziliuzwa bima hadi milioni 64, nyingi kati ya 1990 na 2010, na wengi waliozinunua hawakujua wamezinunua. Wengine waliambiwa bila bima mkopo hautoki. Wengine, na hapa ndipo Bi. Rehema anapoingia, waliuzwa bima ambayo masharti yake yaliwatoa nje tangu siku ya kwanza: waliojiajiri, waliostaafu, wenye maradhi ya zamani, wafanyakazi wa vibarua kupitia mawakala.

Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi bure, walipeleka malalamiko rasmi serikalini mwaka 2005. Mwaka 2009 tume ya ushindani ikasema bima hii isiuzwe tena papo hapo mtu anapochukua mkopo, wala isiuzwe kwa mkupuo, yaani kwa ada yote mara moja. Mabenki yalikwenda mahakamani kupinga kanuni mpya za kushughulikia malalamiko, yakashindwa Aprili 2011, na mwezi uliofuata yakaacha kukata rufaa. Ndipo milango ya fidia ilipofunguka. Hadi zoezi lilipofungwa, zaidi ya pauni bilioni 38 zilikuwa zimelipwa.

Mkopo wa Bi. Rehema ulikuwa wa Machi 2007: pauni 6,000 kwa miezi 60, riba asilimia 12.9 kwa mwaka. Alitaka gari la kumfikisha kwenye zamu za usiku na ada ya kozi. Kwenye karatasi ya mkataba, chini ya mstari wa 6,000, kulikuwa na mstari wa pili: bima, pauni 1,500. Chini yake jumla: 7,500. Hii ndiyo bima ya mkupuo. Hukatwi kidogo kidogo kila mwezi. Ada yote ya miaka mitano inaongezwa kwenye mkopo siku ya kwanza, kisha nayo inatozwa riba kama vile umeipokea mkononi. Rejesho lake likawa pauni 167.57 kwa mwezi. Bila bima lingekuwa 134.05. Tofauti ni pauni 33.50 hivi kila mwezi, na kwa miezi yote 60 bima ya "pauni 1,500" ingemgharimu zaidi ya pauni 2,000.

Afisa wa benki alimuuliza kama anafanya kazi. Alijibu ndiyo. Hakuulizwa anaifanya kwa mkataba gani.

## Yaliyotokea

Alilipa marejesho 20 bila kukosa hata moja, kuanzia Aprili 2007 hadi Novemba 2008. Kisha zamu zikapungua. Ulikuwa mwaka wa msukosuko wa mabenki, na wakala wake aliyekuwa akimpa zamu tano kwa wiki akawa anampa moja, wiki nyingine hakuna kabisa. Mwanzoni mwa Desemba akakumbuka ile bima. Akapiga simu, akatumiwa fomu, akazijaza na kuzirudisha. Hapohapo akafuta agizo la kukatwa kila mwezi kwenye akaunti yake, kwa kuwa, kama alivyoeleza, "bima si imeshachukua mzigo?"

Nisimame hapa kidogo, maana ndipo kisa kilipogeukia. Kuna madai ya aina mbili na watu huyachanganya kila siku. Yako madai juu ya bima yenyewe: nimepoteza kazi, nilipieni. Na yako malalamiko juu ya namna bima ilivyouzwa: mliniuzia kitu kisichonifaa, nirudishieni. Hakuna kati ya hayo kinachoandikwa kwenye rekodi ya mikopo. Kinachoandikwa ni kama rejesho la mwezi limefika au halijafika, basi. Benki haijali limetoka kwako, kwa bima au kwa shemeji yako. Bima ikichukua miezi mitatu kufikiria, hiyo ni miezi mitatu ambayo rejesho halijafika.

Fomu ya madai ninayo nakala yake. Ukurasa wa pili, chini ya kisanduku cha sahihi ya mwajiri, kuna aya ya mistari miwili kwa herufi ndogo inayomwambia mkopaji aendelee kumlipa mkopeshaji wake wakati madai yanashughulikiwa. Bi. Rehema alikuwa ameweka sahihi sentimita chache juu ya aya hiyo.

Februari 2009 kampuni ya bima ikakataa. Bima ilimtaka mwajiriwa wa kudumu. Aliye kwa wakala hakuingia. Machi zamu zikaanza kurudi, akaipigia benki kutaka kuendelea kulipa. Benki ikasema sawa, ila kwanza lipa malimbikizo yote: miezi minne, pauni 670. Hakuwa nazo. Mei ikaja barua ya notisi ya siku 14 kwa mujibu wa sheria ya mikopo ya mwaka 1974, na Juni 2009 akaunti ikatiwa alama ya kushindwa kulipa, difolti, yenye deni la karibu pauni 5,900.

Uingereza alama hiyo hukaa miaka sita tangu tarehe yake, ulipe usilipe. Kulipa hakuifupishi, ila kunaibadilisha isomeke kwamba deni limemalizwa. Kutolipa nako hakuirefushi. Miaka sita ikitimia, akaunti yote inafutika kwenye rekodi. Kwa Bi. Rehema ilikuwa ifutike Juni 2015.

Septemba 2009 wakakubaliana na benki alipe pauni 40 kwa mwezi, riba isimamishwe. Akashika hapo miaka mitatu bila kukosa. Lakini mkataba wa simu alinyimwa, na wakala wa nyumba za kupanga alimtaka atafute mdhamini.

Habari ya fidia aliisikia mapema 2011. Akakaa nayo zaidi ya mwaka. Kenya neno CRB, yaani taasisi za kutunza rekodi za wakopaji, lilikuwa limeshaanza kutisha watu, na jamaa zake wa simu walimwambia ukigombana na benki wanakuweka huko. Wenzake kazini walisema la kwao: kila malalamiko yanaacha alama kama maombi ya mkopo yanavyoacha. Si kweli. Maombi ya mkopo huacha alama ya kupekuliwa rekodi. Malalamiko hayaachi chochote, yawe ya kwenye benki, ya kwa msuluhishi, hata yakikataliwa.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ule mkataba wa kampuni ya madai. Ulitaka asilimia 30 ya fidia, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 juu yake, yaani asilimia 36. Kilichonitisha hasa si asilimia. Ni mstari uliosema ada inahesabiwa kwenye fidia yote "iwe imelipwa taslimu au imepunguza deni". Benki inayomdai mtu malimbikizo kwenye akaunti ileile inaruhusiwa, mkataba ukisema hivyo na ikiwa ni haki kufanya hivyo, kukata fidia juu kwa juu na kuitia kwenye deni. Mteja anaweza kushinda na asione hata senti. Kampuni nayo inataka chake, taslimu. Tukauacha mkataba bila saini na kujaza wenyewe fomu ya maswali ya Financial Ombudsman Service, chombo huru cha kusuluhisha migogoro ya fedha, ndiye msuluhishi ninayemtaja humu. Ni bure, na mabenki yalikuwa yakiipokea fomu hiyo moja kwa moja.

Pili, kabla ya kutuma chochote tulichukua ripoti za mikopo kutoka taasisi zote tatu zinazotunza rekodi hizo: Experian, Equifax na Callcredit, ambayo siku hizi inaitwa TransUnion. Wakati huo ilikuwa pauni mbili kila moja. Bi. Rehema aliona ni kupoteza pauni sita, kwa kuwa ripoti ya mmoja alikuwa nayo. Nilishikilia, kwa sababu nilitaka picha ya kila rekodi jinsi ilivyokuwa kabla benki haijaanza kugusa hesabu. Zote tatu zilisema sawa: difolti, Juni 2009.

Tatu, malalamiko mawili, barua mbili. Mabenki makubwa yalikuwa yamefungua idara nzima za PPI, zenye watu walioajiriwa juzi na maswali yaliyopangwa tayari. Barua inayosema bima ilinisababishia difolti ikiingia idara ile, nusu ya kwanza inajibiwa na nusu ya pili inapotea. Kwa hiyo Oktoba tukalalamikia uuzaji wa bima, na Novemba tukalalamikia difolti yenyewe kwa idara ya madeni. Wenzangu wengine huona hivi ni kuongeza karatasi. Mimi bado naona ndiyo njia.

Nne, tuliomba kumbukumbu zake zote, kwa ada ya pauni kumi kila sehemu, kutoka benki na kutoka kampuni ya bima. Kwa benki tulitafuta maelezo ya siku ya mkopo. Kwa bima tulitafuta simu ya Desemba 2008. Bi. Rehema alikumbuka kumuuliza aliyepokea simu kama aendelee kulipa, na kujibiwa "tuachie sisi". Maneno hayo mawili, kama yangepatikana, yalikuwa na thamani kuliko barua zetu zote.

## Matokeo

Desemba 2012, ndani ya wiki nane ambazo benki hupewa kujibu, malalamiko ya bima yalikubaliwa. Hesabu ilikuwa hivi. Alirudishiwa alicholipa zaidi kwa sababu ya bima kwenye marejesho 20: pauni 670. Juu yake riba ya kawaida ya asilimia 8 kwa mwaka tangu kila rejesho lilipotoka: pauni 261, ikakatwa kodi ya 52. Halafu deni likahesabiwa upya kama vile bima haikuwapo, likashuka kwa kama pauni 1,170. Pauni 879 za taslimu benki ikazikata juu kwa juu. Deni lililokuwa limefika pauni 4,300 likawa kama 2,250. Mkononi hakupata kitu.

Alivunjika moyo, na simlaumu. Jirani yake alikuwa amenunua sofa. Lakini kama angetia saini ule mkataba, hapo angekuwa anadaiwa ada ya pauni 738 kwa "ushindi" ambao haukumletea hata nauli ya basi. Tuliiomba benki impe sehemu taslimu kwa kuwa alikuwa na malimbikizo ya kodi ya halmashauri. Ikakataa, na hatukulishupalia: fidia na deni vilitoka kwenye mkopo uleule, na msuluhishi kwa kawaida huona ni haki kukata hapo.

Februari 2013 tukachukua ripoti tena. Kwenye mbili kati ya tatu, deni lilikuwa limeshuka vizuri, ila tarehe ya difolti ilisomeka Januari 2013. Benki ilikuwa imefunga namba ya akaunti ya zamani na kufungua mpya kwa deni lililohesabiwa upya, na mfumo ukahesabu siku ya kufungua kama siku ya kushindwa. Kwa kosa hilo la karani au la kompyuta, Bi. Rehema angebeba difolti hadi Januari 2019 badala ya Juni 2015. Hapa ndipo madai ya bima yalipokaribia kweli kumharibia rekodi, na si kwa kisasi cha benki aliyokuwa akikiogopa. Tuliandikia benki na taasisi zote mbili tukiambatanisha zile ripoti za Oktoba. Taasisi ziliweka alama kwamba taarifa inabishaniwa wakati zikisubiri jibu la benki, na baada ya wiki kadhaa tarehe ikarudi 2009 kwenye zote.

Malalamiko ya difolti benki iliyakataa Januari: alama inaeleza kwa usahihi kilichotokea, malipo hayakufika. Tukaenda kwa msuluhishi ndani ya ile miezi sita inayoruhusiwa. Jibu lilikuja Mei 2014. Foleni ya PPI huko ilikuwa ndefu wakati ule, na shauri la difolti ndani ya shauri la PPI lilikwenda polepole zaidi. Likatoka hivi: benki irudishe tozo za kuchelewa, pauni 72, kwa kuwa malimbikizo yalihesabiwa kwa rejesho lililovimbishwa na bima. Irekebishe kiasi cha difolti kwenye rekodi kiwe kile ambacho kingekuwa bila bima. Ilipe pauni 150 kwa usumbufu wa ile tarehe iliyokosewa. Difolti yenyewe ibaki.

Katika kusubiri, alikuwa amepata zamu za kudumu na kupandisha malipo hadi pauni 100 kwa mwezi. Alitaka kuikabili benki na pauni 1,200 za mkupuo zilizotoka kwenye chama chao cha kuzungushiana fedha ili deni lifutwe. Nilimshauri asubiri, maana deni linalofutwa kwa kiasi pungufu huandikwa kwamba limelipwa kwa sehemu, na mkopeshaji wa nyumba anayesoma rekodi kwa jicho la binadamu hulitofautisha na lililolipwa lote. Alimaliza mwishoni mwa 2014. Juni 2015 akaunti ikafutika. Masika ya 2016 akapata mkopo wa nyumba kwa amana ya asilimia 10, kwa benki isiyo na undugu wowote na ile ya kwanza, kwa sababu rekodi ya taasisi inafutika lakini kumbukumbu za ndani za benki hazifuati kalenda hiyo.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni zile pauni sita za ripoti. Bila picha ya kabla, kubishana kuhusu tarehe ya 2013 kungekuwa neno lake dhidi ya mfumo wa benki. Leo ripoti hizo ni bure, na bado nakutana na watu wanaodai fidia bila kuzitazama, au wanaotazama ya taasisi moja tu. Hapa tarehe iliharibika kwenye mbili, ya tatu ikabaki sawa. Angechukua hiyo ya tatu pekee angelala usingizi mzuri hadi siku ya kuomba mkopo wa nyumba.

Kilichoshindikana kinahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu hoja yetu haikuwa dhaifu. Tazama namba mbili. Hadi Novemba 2008 bima isiyomfaa ilikuwa imemla pauni 670. Machi 2009, siku alipotaka kuanza tena kulipa, benki ilimzuia kwa malimbikizo ya pauni 670. Fedha iliyomkosesha njia ndiyo fedha aliyotozwa isivyo halali, karibu hadi senti. Tuliiweka hoja hiyo ukurasa wa kwanza.

Msuluhishi aliijibu kwa upole na kuikata. Pauni 33 za kila mwezi, alisema, hakuna uthibitisho kwamba zingewekwa akiba. Watu wengi wangezitumia. Na hata bila bima rejesho lingekuwa 134, ambalo Desemba ile asingeliweza. Kwa upande wa kutopewa maelezo, fomu ilisema aendelee kulipa, na sahihi yake iko pale. Simu ya Desemba haikupatikana: kampuni ya bima ilikuwa na fomu tu, sauti hawakuwa nayo. Kwa hiyo mbele ya msuluhishi kulikuwa na kumbukumbu ya mama mmoja ya miaka minne na nusu nyuma, dhidi ya aya ya mistari miwili iliyochapishwa.

Nadhani alikosea kuhusu akiba. Mtu aliyelipa marejesho 20 bila kukosa, kisha pauni 40 kwa miaka mitatu bila kukosa, si mtu wa kudhaniwa tu kwamba angezila. Lakini kuhusu simu naona hakuwa na namna nyingine. Kwenye malalamiko ya uuzaji wa bima, mambo yenyewe yalimsemea mteja: aliuzwa bima ya kupoteza kazi akiwa na kazi ambayo bima haiitambui, na karatasi ya wakala inathibitisha. Kwenye difolti mzigo uligeuka. Hapo inabidi uonyeshe si kwamba benki ilikosea tu, bali kwamba kosa hilo ndilo lililokufikisha pale, na kwamba bila hilo usingefika. Ni mlango mwembamba zaidi.

Kucheleweshwa kwa hofu ya kuchafuliwa jina kulimgharimu pia, ingawa haionekani kwenye jedwali lolote. Angelalamika katikati ya 2011, deni lingeshuka mapema na pengine asingenyimwa ule mkataba wa simu kwa deni lililovimba. Muhimu zaidi, kila mwezi unaopita ni mwezi ambao kampuni inaweza kuwa inafuta sauti za zamani.

Kuna jambo tulilifanya 2013 ambalo sina hakika lilisaidia. Uingereza unaruhusiwa kuambatanisha kwenye rekodi yako maelezo ya maneno yasiyozidi 200, na kila anayekupekua anapaswa kuyaona. Tuliandika kwamba difolti ilitokana na bima iliyouzwa kimakosa na benki imekiri. Ni kweli na ilimpa nafuu ya moyo. Ila maombi yenye maelezo kama hayo mara nyingi hutolewa kwenye kompyuta na kupelekwa kwa mtu, na kwa vitu vidogo kama mkataba wa simu duka halina mtu wa kusoma. Kwa mkopo wa nyumba yangefaa. Kwa simu yalimchelewesha tu.

Na lipo moja lililomsaidia bila uhusiano wowote na bima. Baada ya difolti kufutika, rekodi yake ilikuwa safi na tupu, kwa kuwa miaka sita hakuwa amekopa kitu. Wakopeshaji hawaupendi utupu. Alikuwa hajawahi kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura akidhani ni la Waingereza tu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye ruhusa ya kuishi Uingereza hujiandikisha, na hilo linawahusu Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda. Taasisi za mikopo hutumia daftari hilo kuthibitisha mtu anaishi anaposema anaishi. Mrundi au Mkongomani ambaye hajachukua uraia wa Uingereza hana njia hiyo, naye humbidi kuzipelekea taasisi uthibitisho wa makazi.

## Kwa wanaodai leo

Mlango wa malalamiko ya PPI ulifungwa 29 Agosti 2019, na anayekupigia simu leo akikuahidi fidia hiyo kwa ada ya mbele, kata simu. Lakini kisa hiki kinarudi kwa sura nyingine. Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu kuhusu kamisheni za mikopo ya magari, na mamlaka ya fedha, FCA, ikaanza kuandaa mpango wa fidia. Kati ya waliochukua mikopo hiyo wamo madereva wa teksi na wafanyakazi wa zamu, watu wetu hasa, na maswali yanayofika mezani ni yaleyale ya Bi. Rehema.

Ninachowaambia ni hiki. Chukua ripoti zote tatu leo na uzihifadhi. Ukiwa bado unalipa mkopo, endelea kulipa wakati malalamiko yanakwenda, hata aliyepo kwenye simu akikuambia uache. Na akikuambia hivyo, mwombe akuandikie barua pepe. Ukiwa na malimbikizo kwa mkopeshaji huyohuyo, tarajia kukatwa juu kwa juu, na soma mkataba wa kampuni ya madai kwa swali moja: ada inatozwa hata kama fidia imeishia kwenye deni? Kwa madai ya PPI sheria iliweka ukomo wa asilimia 20 na kodi juu yake kuanzia Julai 2018, lakini asilimia 20 ya fedha ambayo hukuishika bado unaitoa mfukoni. Aliyefilisika, au aliye kwenye mpango rasmi wa kulipa wadai, aanze kwa kumuuliza msimamizi wake, kwa sababu fidia inaweza kuwa si yake kabisa. Fidia ikishalipwa, subiri kama wiki sita, vuta ripoti zote tatu upya na uzipange kando ya zile za mwanzo, ukianza na safu ya tarehe.